Miaka miwili tulimsomea mtu mwingine

Jiwe la kaburi nililichongesha Mombasa kwa shilingi 14,000. Marumaru nyeupe, herufi nyeusi, jina la baba na la babu, na mwaka. Nikalivingirisha kwa magunia mawili na blanketi kuukuu, nikalilipia nauli ya mzigo basini, na kila gari liliporuka shimo moyo nao uliruka, mpaka Mokowe. Gatini vijana wawili walilishusha botini wakiniuliza kama ni meza ya chai. Ng'ambo, Lamu, punda alilibeba kutoka ufukweni mpaka mlangoni kwa shilingi 300. Mama akafungua, akalitazama jina la mumewe limelala mgongoni mwa punda, akasema, "Ingia unywe mai kwanza."

Nilikuwa nimejiona mtoto mwema. Naandika haya kwa sababu wengi wetu tuliotoka Lamu kutafuta riziki Nairobi na kwingine tuna kaburi tunaloamini tunalijua. Nami niliamini, na nilikosea kwa miaka miwili mizima.

Baba alikuwa kalafati. Kazi yake ilikuwa kuziba nafasi za mbao za majahazi na mashua kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha kukipaka chombo sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki kwenye shati hata ulifue mara tatu. Alifariki alfajiri, akazikwa baada ya laasiri siku ile ile. Kwetu maiti hasubirishwi mtu wa Nairobi. Nilipofika kesho yake adhuhuri nilikuta watu wamekaa matangani, kahawa inazungushwa, na baba yuko chini ya ardhi tangu jana. Sikulia. Niliuliza kama wamekula.

Na hapa ndipo kosa lilipoanzia, ingawa sikulijua. Wanawake kwetu hawafuati jeneza. Mama aliingia eda siku ile, miezi minne na siku kumi ndani. Kwa hivyo kati ya sisi wanawake wa nyumba ile hakuna hata mmoja aliyeona baba alipowekwa. Walioona ni kaka yangu, aliyeshuka kaburini yeye na wanaume wengine wawili kumpokea, na umati wa mavani, yaani makaburini. Kaka akarudi Muscat kazini baada ya wiki moja. Watu wakatawanyika. Eda ilipokwisha, mama akamwomba binamu yetu atupeleke. Binamu alikuwa na haraka ya boti. Alisimama njiani, akanyoosha kidole: "Ni lile pale, chini ya mwarobaini." Tukaona kaburi lenye mashahidi mawili ya mti, zile alama za kaburi, moja kichwani, moja miguuni. Tukaenda, tukasoma.

Kila nilipokuja nyumbani tulikwenda pale pale. Mara tano kwa jumla, nimehesabu. Nilimsimulia baba mengi mahali pale, mengine ya siri kabisa.

Sasa turudi kwenye jiwe. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaaban, kaskazi limekauka, mji mzima unajipanga kwa Ramadhani. Mimi nilikuwa na mpango wangu kichwani: siku maalumu, masheikh kumi na wawili, khitma, pilau ya kilo kumi, jiwe lisimamishwe, picha zitumwe kwa kaka. Nilipomweleza mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitajia shughuli zake za kesho, ambazo huwa haandiki popote: kupokea pesa za Inua Jamii, zile za serikali kwa wazee, kuchukua dawa za presha, kumpitia fundi cherehani aliyekaa na buibui lake tangu mwezi jana, tende, unga wa ngano, samaki. "Na baina ya dawa na samaki tutapita mavani," akasema.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, baba unamweka baina ya dawa na samaki?"

Akasema, "Miaka arobaini na moya nilikuwa namweka papo hapo."

Sikuwa na jibu. Ila nilinuna mpaka usiku, niwe mkweli.

Asubuhi tulianza na pesa. Wazee waliofika miaka 70 hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hulimbikizwa zikatoka za miezi miwili kwa pamoja, kwa hivyo siku zikitoka foleni ni ya mji mzima. Tulifika saa mbili tukidhani tumewahi. Zamu yetu ilipofika, mashine ikakataa kidole cha mama. Ikakataa cha pili. Mikono iliyokuna nazi na kufua kwa miaka sitini imelainika kama kokoto za pwani, hakuna mistari ya kusoma. Kijana wa pale akamwambia mama, kwa sauti ya kumsemesha mtoto, aende akanawe arudi. Akanawa, akarudi, ikakataa. Saa nzima na nusu iliondoka hapo. Mwanamke mmoja nyuma yetu ndiye aliyetuokoa: alimpaka mama mafuta ya nazi tone moja kwenye vidole, akamsugua, akavipangusa kwa upindo wa leso. Mashine ikalia tii, ikakubali. Ukiwa na mzee nyumbani mwenye vidole vikavu, mpake mafuta usiku uliotangulia, na msichelewe kuliko saa moja. Mama alihesabu 4,000 zake mara mbili, akatenga 500 akazifunga peke yake pembeni mwa leso. Sikumuuliza za nini.

Dawa hazikuchukua muda. Fundi cherehani hakuwepo.

Kuchelewa kule kwenye foleni ndiko kulikotufikisha mavani saa tano na nusu, kosa ambalo wenyeji hawalifanyi. Mwezi ule jua la saa tano ni la kuchoma mchanga, na mama huvua viatu akishaingia makaburini. Nenda baada ya alfajiri au baada ya laasiri. Chukua chupa mbili za maji, moja ya kaburi na moja yenu. Mimi nilichukua moja tu, ya marashi nikaikumbuka, ya kunywa nikaisahau.

Tuliingia, mama akatoa salamu kama anavyotoa siku zote, ile ya kuwaamkia watu wa nyumba zile na kuwaambia kuwa sisi nasi, Mungu akipenda, tutawafuata. Kisha akasimama.

Mwarobaini haukuwepo.

Ulikuwa umekatwa na shina kung'olewa, mchanga umesawazishwa. Mbele yetu palikuwa na makaburi manne yanayofanana kama mayai. Mashahidi ya mti yote yameliwa na mchwa, mengine yamebaki vipande vya kidole. Nikatoa simu. Nilikuwa nimehifadhi mahali pale kwenye ramani, nikijiona mjanja. Kile kidoa cha buluu kikatembea, kikaruka kaburi hili, kikahamia lile, kikatulia juu ya njia. Simu hukosea kwa hatua kadhaa, na makaburi yetu yamepishana kwa hatua mbili. Itakufikisha mtaani, mlango utautafuta mwenyewe.

Mama hakuwa akiitazama simu. Alikuwa akimtazama mzee aliyekuwa akifyeka majani upande wa kisima, akamwita aje, kwa heshima, "Ami! Ndoo kidogo tafadhali."

Mzee akaja na panga lake. "Mwamtafuta nani?"

Mama akataja jina. Mzee akakunja uso. Mama akaongeza, "Yule kalafati."

Uso ukafunguka. "Kalafati hayuko hapa. Yuko kule kisimani, safu ya pili."

Mimi, aliyechongesha jiwe, nikabishana naye. Nikamwonyesha picha kwenye simu: mwarobaini, kaburi, mama ameinamisha kichwa. Nikamwambia binamu yetu mwenyewe ndiye aliyetuonyesha. Mzee akasubiri nimalize. Akasema yeye ndiye aliyechimba. Akasema mchanga ulikuwa ukiporomoka siku ile, mwanandani, lile shimo la ndani anamolazwa maiti, haukushika, wakahitaji mbao nyingi za viunza, za kumfunika, na wenzake baba wakakimbia karakanani wakarudi na mbao za mashua. "Zilikuwa zanuka sifa," akasema. "Nimezika wengi, mbao za sifa nimezitia mara moya tu."

Mama akakaa chini mchangani, pale pale juani.

Nikampigia kaka Muscat. Alikuwa kazini, akaniambia nitume ujumbe, nikamwambia asikate. Nikamuuliza swali moja: mbao za viunza zilitoka wapi? Akanyamaza, kisha akasema, "Karakanani. Zilikuwa za ule ubavu wa mashua aliokuwa akiutengeneza. Kwani hamjui?" Na kaburi? "Kisimani, safu ya pili. Si mwaenda kila mara?"

Nikahisi kitu baina ya kucheka na kutapika. Nilimchukia binamu kwa muda wa dakika kama tano. Baadaye alipoulizwa alisema yeye alimaanisha mwarobaini mwingine, ule wa kisimani, ambao kweli upo mpaka leo. Pengine kidole chake kilikuwa sawa na macho yetu ndiyo yaliyosimama kwenye mti wa karibu. Sijui, na sasa sioni faida ya kujua.

Ningelifanya nini tofauti? Ningelimkalisha kaka chini kabla hajarudi Muscat, hata kwa nusu saa, nikamwandikisha. Mtu wa kuulizwa ni yule aliyeshuka kaburini, kwani waliosimama nyuma huona migongo ya watu. Na ukipimisha, pimisha kwa hatua kutoka kwenye kitu kisichokatwa wala kuhama: ukuta, kisima, pembe ya msikiti. Mti hukatwa. Kaburi la jirani nalo litazama. Andika safu ya ngapi, kaburi la ngapi kutoka upande upi, na mwandikie zaidi ya mtu mmoja. Fanya hivyo kabla ya arubaini kwisha, maana mvua za kusi zikishapiga mchanga, tuta la baba yako na la mtu mwingine huwa moja. Sasa daftari la mama la namba za simu lina ukurasa wenye mstari huu: kutoka pembe ya kisima, hatua kumi na nne kuelekea kibla, safu ya pili, la tano.

Tulikwenda kisimani. Kaburi la baba lilikuwa limezama, halina hata kipande cha shahidi. Mama akauliza mashahidi ya mti yaliyowekwa siku ya mazishi yako wapi. Mzee akasema yameliwa mwaka wa kwanza. Mama akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Maisha yake yote akipaka mbao za watu mafuta zisiliwe," akasema, "na zake hakuna aliyezipaka."

Nami nikasimama niliposimama, nikaanza Yasini. Mzee akanigusa kwa ncha ya fimbo: nilikuwa nimesimama miguuni. Hili nalo sikulijua, na nina shahada. Maiti wetu hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, na kibla chetu Lamu ni kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo. Kwa hivyo kichwa huwa mashariki, upande wa bahari na Manda. Ukishalijua hilo unaweza kusimama mahali panapostahiki hata kama shahidi halipo.

Wako watakaouliza mwanamke ametafuta nini mavani. Nilimuuliza sheikh mmoja wa mtaani kabla, akanieleza kwa upole kuwa wanavyuoni wamekhitalifiana: wako wanaosema ni makuruhu kwa mwanamke, wako wanaoruhusu maadamu hakuna maombolezo wala kujipamba, na Mtume alikataza ziara mwanzoni kisha akasema zuruni. Mama hana mjadala naye. Huingia, hutoa salamu, husoma, huomba dua, hutoka. Siku zangu zikiwa haziniruhusu kusoma, mimi huomba dua tu, na mama hunisomea sehemu yangu. Ziara yake yote haizidi robo saa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitaka ya nusu siku, na masheikh kumi na wawili.

Suala la jiwe lilikuja mwisho, kwa woga. Mzee alisema hapo hawasimamishi mawe ya kuandikwa bila kuuliza wakubwa, na kwamba kwenye madhehebu yetu ya Shafi, kulijengea kaburi na kuliandika ni makuruhu. Nikamkumbusha Takwa, kule Manda, kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela huvuka kwenda kulizuru na kuomba mvua. Nilidhani nimemfunga. Akanitazama. "Wewe wataka nguzo?" Nikasema la. "Basi." Akasema alama ya kutambulikana haina neno, kwani Mtume mwenyewe aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un alitambue. Jiwe tu, bila maandishi. Akatuletea mawe mawili ya matumbawe, yale yale yaliyojenga nyumba zetu, akayachimbia kichwani na miguuni, akarudishia mchanga mpaka tuta likainuka shibiri moja. Mchwa hawali matumbawe. Gharama yake: 600 za mawe na kuyabeba. Na zile 500 za pembeni mwa leso mama alizifungua, akampa mkononi bila kuhesabu. Kumbe alizitenga kwa ajili ya yeyote atakayemkuta akisafisha mavani. Hufanya hivyo kila pesa zikitoka, na mimi sikujua.

Akanyunyiza marashi, akaweka majani ya rehani aliyoyabeba kwenye mfuko mmoja na vidonge vya presha. Akasoma. Sikusikia alichomwambia baba baada ya kusoma, ila kilikuwa kifupi, na kulikuwa na jina la fundi cherehani ndani yake.

Tulipokuwa tukitoka nikamuuliza mzee, yule wa kwanza ni nani? Akasema ni mtu wa Faza, kule kisiwa cha Pate, alikuja Lamu kutibiwa, akafia hapa, watu wake wakamzika na kurudi kisiwani na boti ya siku ile ile. Hajaona mtu akimjia ila sisi. Nilianza kusema kitu kuhusu Yasini tano zilizopotea. Mama akanikata.

"Zimepoteaje? Zina mwenyewe."

Chupa ya marashi ilikuwa imebaki robo. Mama akarudi pale mwarobaini ulipokuwa, akainyunyiza yote juu ya yale makaburi manne, maana hatukujua tena lipi ni la mtu wa Faza. Akaikung'uta chupa mpaka tone la mwisho, kisha akaitia mfukoni, kwa sababu chupa ni nzuri na yafaa kutiwa siki.

Jumla ya matumizi yangu, kwa anayetaka kujua: jiwe 14,000, kusafirisha kutoka Mombasa mpaka mlangoni 1,900 ukijumlisha basi, boti, punda na vijana. Zote hazikuwa na kazi. Kilichofanya kazi ni 600 za matumbawe na simu ya dakika tatu kwenda Muscat, ambayo ningeliweza kuipiga miaka miwili kabla. Pilau sikupika. Khitma tulisoma nyumbani usiku wa Ijumaa, watu saba, mahamri na chai.

Sokoni tulifika saa saba na robo. Changu wamekwisha, tafi wamekwisha, muuzaji ameanza kumwaga maji mezani. Palikuwa na pweza mmoja tu. Nikamwambia mama twende tukanunue kuku. Baba hakuwa akila pweza, wala hakutaka kumsikia akipikwa. Mama akamgeuza pweza, akamnusa, akauliza bei.

Jioni tulikula kiwandani, ule ua wa nyumba, pweza wa nazi na wali, upepo umeingia kidogo. Jiwe lilikuwa limeegemezwa ukutani mbele yetu, mahali punda alipoliacha, jina likitutazama. Mama alikula matonge mawili, akasita, akaniambia, "Hebu inuka uligeuze hilo jiwe. Asinione."